Kuandika Ripoti ya Maabara ya Fizikia Hatua kwa Hatua: Mfano wa Pendulamu Iliyopimwa Lamu

Ripoti ya maabara ni maandishi yanayomwezesha mtu ambaye hakuwepo siku ya jaribio kulirudia kama ulivyolifanya, kuzifuata nambari zako tangu zilipotoka kwenye rula na saa hadi zilipofika kwenye hitimisho, kisha akaamua mwenyewe kama anakubaliana nawe. Sehemu zote za ripoti zipo kwa ajili hiyo, na sehemu isiyosaidia lolote kati ya hayo haina haja ya kuandikwa. Wanafunzi wengi wanaoingia chuo kikuu kutoka shule za Lamu na Malindi wamezoea karatasi ya tatu ya fizikia katika mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ambamo jedwali huwa limekwisha kuchorwa na mtahiniwa hujaza nafasi tu. Chuoni jedwali ni lako, maelezo ni yako, na uamuzi kuhusu thamani ya matokeo ni wako pia. Ripoti yenyewe bila shaka utaiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya masomo ya sayansi nchini Kenya, lakini fikra zinazoijenga ni zilezile kwa lugha yoyote.

Mfano nitakaoutumia ni ule ambao karibu kila kozi ya mwanzo huanza nao: kupima mchapuko wa mvutano wa dunia, unaoandikwa g, kwa kutumia pendulamu sahili, yaani uzito mdogo unaoning'inia kwenye uzi na kubembea. Nimeuchagua kwa sababu vifaa vyake vinapatikana hata mahali pasipo na maabara, na kwa sababu ya pili ambayo ni nzito zaidi. Mwanafunzi wa Lamu anayelifanya jaribio hili huku akiilenga 9.81 m/s², nambari aliyoikariri kitabuni, anailenga nambari ambayo si ya Lamu.

Anza na daftari, si ripoti

Ripoti nzuri huanzia kwenye daftari la maabara, nalo huandikwa kwa kalamu ya wino wakati jaribio linaendelea. Andika tarehe, jina la mwenzako mliyefanya naye kazi, vifaa mlivyotumia na kila kipimo kama kilivyosomeka, kabla hakijapigiwa hesabu yoyote. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya nambari ili iendelee kusomeka, kisha andika iliyo sahihi pembeni pamoja na sababu. Usinakili vipimo kwenye karatasi safi na kuitupa ile ya kwanza, maana nambari uliyoiona mbaya saa nne asubuhi huenda ikawa ndiyo inayoeleza kilichotokea utakapoketi kuchora grafu usiku.

Andika pia hali ya mahali. Katika chumba kinachotazama mkondo wa bahari, upepo wa kusi ukiingia dirishani huisukuma pendulamu hadi ikaanza kuzunguka kama duara badala ya kwenda na kurudi katika mstari mmoja, na pangaboi la darini hufanya vivyo hivyo. Kama mlifunga madirisha na kuzima pangaboi, liandikeni hilo. Kama hamkufanya hivyo, liandikeni kwa uzito uleule.

Lengo na nadharia

Lengo hutosha kuandikwa katika sentensi moja au mbili, na liseme kitakachopimwa na njia itakayotumika: "Lengo la jaribio hili lilikuwa kupima mchapuko wa mvutano wa dunia mjini Lamu kwa kuchunguza jinsi muda wa mbembeo wa pendulamu sahili unavyobadilika urefu wake unapobadilishwa." Sentensi kama "lengo ni kujifunza kuhusu pendulamu" haifai, kwa sababu msomaji hawezi kujua kama lengo hilo lilifikiwa.

Nadharia si mahali pa kunakili sura nzima ya kitabu. Weka mlinganyo utakaoutumia, eleza kila herufi iliyomo, taja masharti yanayoufanya uwe kweli, kisha ugeuze uwe na sura utakayoichorea grafu. Kwa pendulamu, muda wa mbembeo mmoja kamili, yaani kwenda na kurudi, ni

T = 2π√(l/g)

ambapo l ni urefu kutoka kwenye egemeo, yaani mahali uzi unapobanwa juu, hadi katikati ya uzito unaoning'inia. Ukizipandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili, unapata

T² = (4π²/g) l

Mlinganyo huu wa pili ndio wenye faida, kwa sababu ni wa mstari ulionyooka: ukichora T² dhidi ya l, mteremko wa mstari ni 4π²/g, na kutoka hapo g hupatikana kwa kugawanya 39.48 kwa mteremko.

Sharti ambalo wanafunzi husahau kulitaja ni udogo wa pembe, kwa kuwa mlinganyo huu ni wa kukadiria tu. Pendulamu ikiachiliwa kutoka digrii 30, muda wake huzidi ule wa mlinganyo kwa takriban asilimia 1.7, na g itakayohesabiwa itapungua kwa zaidi ya asilimia 3. Katika digrii 10 upungufu wa g ni asilimia 0.4 hivi, na katika digrii 5 ni asilimia 0.1. Ziweke akilini nambari hizi, kwa sababu tutazihitaji kwenye mjadala.

Vifaa na utaratibu

Utaratibu huandikwa kwa wakati uliopita, kwa maana unasimulia kilichofanyika. Karatasi ya maelekezo ya mwalimu husema "funga uzi", nawe huna budi kuandika kwamba uzi ulifungwa, jinsi ulivyofungwa, na tofauti yoyote kati ya maelekezo na mlichofanya. Orodha ya vifaa isiwe majina matupu: rula ya mita moja inayosomeka hadi milimita 1 inampa msomaji habari ambayo "rula" peke yake haimpi.

Kwa pendulamu, mshipi wa nailoni wa kuvulia na chubwi la risasi vinafaa sana, na wavuvi wa Lamu wanavyo tele. Risasi ni nzito kwa umbo dogo, kwa hiyo hewa haiipunguzii mwendo upesi. Mshipi nao hauna budi kupimwa chubwi likiwa linaning'inia, kwa kuwa nailoni hurefuka kidogo ikibeba uzito. Ncha ya juu ibanwe kati ya vipande viwili vya ubao vilivyokazwa kwenye stendi, ili mahali mshipi unapoanza kupinda pajulikane bila ubishi. Ukiuzungusha mshipi kwenye msumari, egemeo litahama kidogo kila pendulamu inapokwenda na kurudi, na urefu wako hautakuwa mmoja.

Msomaji atataka kujua mambo matatu kuhusu upimaji wa muda, na ripoti nyingi humnyima yote. La kwanza ni idadi ya mibembeo. Stopwochi husoma hadi sekunde 0.01, lakini kidole cha binadamu huchelewa kwa karibu sekunde 0.2, na kwa mbembeo mmoja wa sekunde 2 hiyo ni sehemu moja ya kumi ya kipimo chote. Ukipima mibembeo 20 kwa pamoja, kuchelewa kulekule kunagawanywa kwa 20. La pili ni mahali pa kuhesabia: hesabu chubwi linapopita chini kabisa, ambako lina kasi kubwa na ambako alama ya penseli iliyowekwa nyuma yake huonyesha barabara wakati wa kupita, wala usihesabu pembeni ambako linasitasita. La tatu ni namna ya kuanza hesabu. Unapobonyeza saa, sema "sifuri". Anayesema "moja" wakati wa kubonyeza na kusimamisha saa anaposema "ishirini" amepima mibembeo 19, na akigawanya kwa 20 atapata g ya karibu 10.8 badala ya 9.8. Mwalimu akiiona 10.8 kwenye ripoti ya pendulamu hulikisia kosa hili mara moja, na wewe pia unapaswa kulishuku kabla yake.

Jedwali

Kila safu iwe na jina, alama na kizio chake kwenye kichwa, ili vizio visirudiwe ndani ya jedwali. Vipimo vya asili viwepo, si wastani pekee. Takwimu zifuatazo nimeziandaa kwa ajili ya mfano, na nimeacha kuonyesha vipimo vitatu vya kila urefu ili kuokoa nafasi. Katika ripoti yako visikosekane.

| l (m) | wastani wa muda wa mibembeo 20 (s) | T (s) | T² (s²) |
|---|---|---|---|
| 0.400 | 25.46 | 1.273 | 1.621 |
| 0.600 | 31.08 | 1.554 | 2.415 |
| 0.800 | 36.02 | 1.801 | 3.244 |
| 1.000 | 40.12 | 2.006 | 4.024 |
| 1.200 | 44.10 | 2.205 | 4.862 |

Tazama kwamba urefu umeandikwa 0.400 wala si 0.4. Sifuri hizo mbili zinasema kuwa ulipima hadi milimita, na kuzifuta ni kuifuta habari hiyo. Kwa upande mwingine, kikokotoo kitakupa T² ya 4.024036, na tarakimu za mwisho hazitokani na kipimo chochote. Bakiza tarakimu moja ya ziada katika hesabu za katikati, kisha ukadirie mwishoni.

Baada ya jedwali, onyesha hesabu ya mstari mmoja kwa ukamilifu, pamoja na shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimekosea juu au chini. Kwa urefu wa mita 1.000, tuseme vipimo vitatu vilikuwa 40.22, 40.06 na 40.08. Tofauti kati ya kikubwa na kidogo ni sekunde 0.16, na nusu yake ni 0.08, ukiigawanya kwa 20, shaka ya T ni sekunde 0.004. Kwa kuwa T imezidishwa kwa yenyewe, shaka ya T² ni 2 × 2.006 × 0.004, yaani karibu 0.02. Basi kipimo hiki kinaandikwa T² = 4.02 ± 0.02 s². Mistari mingine ya jedwali hufuata njia hiyo hiyo, wala hakuna haja ya kuirudia kwa maneno.

Grafu

Tumia penseli na ukurasa mzima wa karatasi ya grafu. Chagua mizani inayoyafanya madoa yako, yaani alama za vipimo kwenye grafu, yaenee zaidi ya nusu ya ukurasa kila upande, na uepuke mizani ya tatu tatu au saba saba ambayo itakufanya ukosee kusoma. Weka doa kwa msalaba mdogo, weka mistari midogo inayoonyesha shaka ya kila doa kama inaonekana katika mizani hiyo, kisha pitisha mstari mmoja ulionyooka unaoacha madoa yakiwa yamegawanyika sawasawa juu na chini yake. Usiunganishe doa na doa.

Usiulazimishe mstari upite kwenye sifuri, hata kama nadharia inasema upite. Tuseme ulipima urefu wote hadi juu ya chubwi badala ya katikati yake, na ukapungukiwa na sentimita 1 kila mara. Madoa yote yatapanda kwa kiasi kilekile, mstari utakata mhimili wa T² karibu na 0.04, lakini mteremko hautabadilika hata chembe. Grafu imekuokoa na kosa lako na kukuonyesha lilipo. Aliyekokotoa g kwa kila mstari wa jedwali kisha akachukua wastani hapati wokovu huo, kwani kosa limeingia katika kila thamani yake, na kubwa zaidi katika urefu mfupi. Ndiyo maana ninasisitiza grafu hata pale karatasi ya maelekezo inaporuhusu wastani.

Mteremko husomwa kutoka kwenye mstari, si kutoka kwenye madoa, na kwa nukta mbili zilizo mbali. Mstari wa mfano wetu unapita kwenye (0.30, 1.21) na (1.30, 5.26), hivyo mteremko ni 4.05 s²/m. Kisha chora mstari mkali zaidi na mstari uliolala zaidi ambayo madoa bado yanaweza kuivumilia. Ikiwa miteremko yake ni 4.08 na 4.02, shaka ni 0.03. Sasa

g = 39.48 / 4.05 = 9.75 m/s²

na shaka yake ni 9.75 × (0.03/4.05), yaani 0.07. Matokeo yanaandikwa g = 9.75 ± 0.07 m/s².

Mjadala

Hapa ndipo ripoti hupimwa uzito, na hapa ndipo wengi huandika kwamba matokeo yalikaribia 9.81 na tofauti ndogo ilisababishwa na "makosa ya kibinadamu". Maneno hayo hayamwambii msomaji kitu. Kosa gani, linasukuma matokeo upande upi, na kwa kiasi gani? Chanzo cha hitilafu kisichojibu maswali hayo matatu hakijajadiliwa bado.

Tuanze na thamani ya kulinganishia. Mvutano wa dunia haulingani kila mahali: kwenye usawa wa bahari ni karibu 9.83 m/s² katika ncha za dunia na 9.78 kwenye ikweta, kwa sababu dunia inazunguka na imebinuka kiunoni. Nambari 9.80665 ni thamani ya makubaliano iliyopitishwa mwaka 1901 ili watu wote wawe na kigezo kimoja, na 9.81 ya vitabuni inaafiki miji kama London. Lamu iko digrii 2 na ushei kusini mwa ikweta, Malindi digrii 3 na ushei, zote kandokando ya bahari. Thamani yake ni 9.78. Tofauti hii iligunduliwa kwa pendulamu hasa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, mji ulio karibu na ikweta huko Amerika ya Kusini, akakuta saa yake ya pendulamu inachelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku, hata ikabidi aifupishe. Newton alilitumia jambo hilo katika kitabu chake cha 1687 kuthibitisha kwamba dunia si mviringo kamili.

Sasa uliza swali sahihi: je, 9.78 imo ndani ya 9.75 ± 0.07? Imo, kwa kuwa upeo wetu unaanzia 9.68 hadi 9.82. Je, 9.81 imo? Nayo imo. Kwa hiyo hitimisho la haki ni kwamba jaribio hili linaafikiana na thamani ya Lamu, lakini halina uwezo wa kuitofautisha na ile ya vitabuni. Mwanafunzi anayeandika hivyo ameelewa kipimo chake kuliko aliyepata 9.81 kamili na kujipongeza, na hakuna mwalimu makini atakayemnyima alama kwa ukweli huo. Anayevuta mstari wa grafu kidogo ili apate 9.81 ameharibu mara mbili: ameghushi, na ameghushi kuelekea thamani isiyo ya mahali alipo.

Baada ya hapo pitia vyanzo vya hitilafu kimoja kimoja. Tenganisha vinavyotawanya vipimo huku na huku, kama kuchelewa kwa kidole, na vinavyovisukuma upande mmoja daima, kama ukubwa wa pembe. Aya ya mfano inaweza kuwa hivi: "Pendulamu iliachiliwa kutoka pembe iliyokadiriwa kuwa digrii 10. Pembe hiyo huongeza muda wa mbembeo na kupunguza g kwa takriban asilimia 0.4, yaani 0.04 m/s². Kwa kuwa vipimo vyote vilifanywa kwa pembe ileile, kurudia vipimo hakungeondoa hitilafu hii, na mwelekeo wake unaafikiana na kuwa matokeo yetu yako chini ya 9.78." Msomaji amepewa chanzo, mwelekeo na kiasi. Aone pia kwamba 0.04 inazidi pengo la 0.03 kati ya Lamu na vitabu, kwa hiyo pembe peke yake inatosha kulificha pengo hilo.

Mapendekezo nayo yawe ya kutekelezeka. "Vifaa vya kisasa vitumike" si pendekezo. Lakini nyumba ya mawe ya Lamu yenye dari ndefu ya boriti inaweza kubeba pendulamu ya mita 2.5, ambayo mbembeo wake ni wa sekunde 3.18. Mibembeo 100 huchukua zaidi ya dakika tano, na kuchelewa kwa sekunde 0.2 katika muda huo kunatia shaka ya karibu 0.01 tu kwenye g. Pembe ikiwa chini ya digrii 3, madirisha yakifungwa, na urefu ukipimwa hadi milimita, jaribio hilo lingeweza kuitenga 9.78 na 9.81. Pendekezo la namna hii linatokana na hesabu zako mwenyewe, na ndiyo thamani yake.

Hitimisho, ikisiri na kichwa

Hitimisho ni fupi. Linarudia matokeo pamoja na shaka yake, linasema kama lengo lilifikiwa, na halileti hoja mpya.

Ikisiri, yaani muhtasari wa ripoti, husomwa ya kwanza lakini huandikwa ya mwisho, kwa sababu huwezi kufupisha kazi ambayo hujaimaliza. Iwe na njia, matokeo na maana yake, basi: "Mchapuko wa mvutano wa dunia ulipimwa mjini Lamu kwa pendulamu sahili ya urefu wa mita 0.400 hadi 1.200. Kutokana na mteremko wa grafu ya T² dhidi ya l, ilipatikana g = 9.75 ± 0.07 m/s². Matokeo yanaafikiana na 9.78 m/s² inayotarajiwa karibu na ikweta, ingawa usahihi wake hautoshi kuitofautisha na 9.81 m/s²." Zipo ikisiri za kozi ya mwanzo zinazojaza ukurasa, hii haikosi kitu.

Kichwa kitaje kilichopimwa na njia iliyotumika, kwa mfano "Kupima mchapuko wa mvutano wa dunia kwa pendulamu sahili", badala ya "Jaribio la 1". Chini yake weka jina lako, jina la mwenzako na tarehe ya jaribio. Vipimo mnaweza kushirikiana kwa kuwa mlivipata pamoja, lakini grafu, mjadala na kila sentensi ya ripoti viandikwe na kila mmoja peke yake.